Götter, Gräber und Gelehrte cha C. W. Ceram: kisome, ila chunga toleo unalonunua

Kitabu hiki, ambacho jina lake maana yake ni miungu, makaburi na wanazuoni, kilitolewa na shirika la Rowohlt huko Hamburg mwaka 1949. Kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 20, kimeuzwa kwa mamilioni, na bado kinachapishwa. Anayetaka kujua akiolojia ilizaliwaje hatapata mlango mzuri kuliko huu, mradi ajue sehemu za kuegemea na zile zilizopitwa na wakati.

Ceram ni lakabu. Jina halisi ni Kurt Wilhelm Marek, mzaliwa wa Berlin mwaka 1915, mwanahabari na baadaye mhariri wa Rowohlt. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika kikosi cha propaganda cha jeshi la Ujerumani, na mwaka 1941 akatoa kitabu kuhusu mapigano ya Narvik, Norwei. Alipohamia akiolojia aliligeuza jina la Marek likaanzia nyuma, K akaifanya C. Hakuwahi kuwa mchimbaji wala profesa, na hilo ndilo linaloeleza ubora wa kitabu na kasoro zake pia: anasimulia kama ripota mahiri, na kama ripota, huwaamini mno baadhi ya watu anaowasimulia.

Kuna sehemu nne kubwa: sanamu (Ugiriki na Italia), piramidi (Misri), minara (Mesopotamia) na ngazi (Meksiko na Amerika ya Kati). Si lazima kufuata mpangilio huo. Anza na minara, kwenye sura ya Georg Friedrich Grotefend, kwa sababu hapo ndipo Ceram anapofanya kile ambacho waandishi wengi wa historia hukwepa: kuonyesha hesabu yenyewe, si jibu tu.

Mwaka 1802 Grotefend, mwalimu wa shule huko Göttingen, alikuwa na nakala za maandishi ya kikabari (alama zenye umbo la kabari) kutoka Persepolis, mji wa wafalme wa kale wa Uajemi, na hakuna aliyeweza kuyasoma. Alikisia kwamba maandishi ya wafalme wa Uajemi yangefuata kawaida: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani. Akatafuta fungu la alama linalojirudia, akalichukua kuwa neno "mfalme". Kisha akaona jambo dogo lililofungua kila kitu: katika andiko moja mfalme ni mwana wa mfalme, lakini katika jingine baba hana cheo hicho. Alihitaji basi babu asiye mfalme, mwana mfalme na mjukuu mfalme. Koreshi na Kambise hawakufaa, kwani majina yao huanza kwa sauti moja, ilhali alama za mwanzo za majina katika maandishi hazikulingana. Wakabaki Histaspe, Dario na Xerxes. Soma kurasa hizo ukiwa na kalamu mkononi, uandike majina matatu na kuyapanga mwenyewe. Ukizipitia harakaharaka utapoteza utamu wote.

Sehemu ya Misri inateleza vizuri. Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya kale ya Misri, anaelezwa kwa makini, na kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, limesimuliwa bila kushabikia uvumi wa laana ya farao.

Tahadhari kubwa ni kwa Heinrich Schliemann, Mjerumani aliyechimba Troya. Ceram anafuata kwa karibu yale Schliemann aliyojiandikia, ikiwemo hadithi ya mkewe Sophia akibeba hazina ya Troya ndani ya shali mwaka 1873. Sophia wakati huo alikuwa Athene. Hazina yenyewe haikuwa ya Priamo, mfalme wa Troya katika hadithi za Wagiriki: tabaka ilimotoka limetangulia vita vya Troya kwa karne nyingi, na ule mtaro mkubwa ulioifikia ulibomoa tabaka za juu yake. Vivyo hivyo gharika ambayo mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley alidai kuiona huko Uru, Mesopotamia. Udongo safi aliouona ni wa kweli, ila ni alama ya mafuriko ya mahali hapo, kwa kuwa miji mingine ya jirani haikutoa ushahidi unaolingana nao.

Ndiyo maana toleo lina uzito. Chapa za kwanza ziliandikwa kabla ya 1952, mwaka ambao Michael Ventris aliusoma mwandiko wa kale wa Krete na Ugiriki uitwao Linear B na kukuta ni Kigiriki, na Yuri Knorozov akafungua njia ya kusoma maandishi ya Wamaya. Kwa wanaosoma Kiingereza, chapa iliyopanuliwa ya 1967 ni bora kuliko ile ya 1951. Hata hivyo usitarajie China, India wala Afrika iliyo kusini mwa Misri; na vibarua waliochimba mashimo hayo karibu wote hawatajwi majina.

Ukimaliza na sura ya Grotefend ikiwa ndiyo iliyokushika, nunua Enge Schlucht und schwarzer Berg cha mwaka 1955, kuhusu Wahiti, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Uturuki. Ni chembamba, na Ceram alifika mwenyewe kwenye magofu ya Karatepe, Uturuki. Humo utamkuta mwanazuoni Bedřich Hrozný, ambaye mwaka 1915 alionyesha kuwa Kihiti ni ndugu wa lugha za Ulaya. Alianzia sentensi moja yenye alama iliyojulikana ya mkate, kitenzi ezzatteni kinachokaribiana na essen ya Kijerumani, yaani kula, na neno watar, maji.