Uzoefu wangu: Kutembelea bonde la makaa ya mawe la kaskazini mwa Ufaransa

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa na kila niliyemwambia nilikotoka. Karibu kila kitu nilichokiona kwenye bonde la zamani la makaa ya mawe, mikoa ile ya Nord na Pas-de-Calais, ni bure. Kupanda milima ya vifusi, yaani marundo ya mawe yaliyotolewa migodini, ni bure. Ukumbi mkuu wa Louvre ya Lens, tawi la makumbusho ya Louvre ya Paris, niliingia bure. Makaburi na minara ya vita, bure. Nilitoa pochi kwa tiketi ya makumbusho ya mgodi wa Lewarde tu, na hiyo sikuijutia. Kinachokula hela huko ni usafiri. Treni ya Lille hadi Lens haimalizi hata saa nzima, lakini ukishashuka, vitu vimetawanyika vijijini, na Jumapili basi unalisubiri mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mimi niliokolewa na undugu: dada yangu ameolewa Lille, na shemeji yangu, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa likizo na gari lake lipo.

Kuwa na mtu wa Lubumbashi kwenye safari hii kulinifaa kuliko kitabu chochote cha watalii. Amekulia kwenye kambi ya kampuni ya shaba, mzee wake akiwa mfanyakazi wa kiwandani, na mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda pamoja na bomba refu la moshi ndiyo picha ya mji wao. Kila tulipofika alikuwa ananionyesha vitu ambavyo mimi ningevipita.

Eneo lenyewe limejinyoosha kilomita zaidi ya mia moja kuelekea mpaka wa Ubelgiji. Makaa yaligunduliwa Fresnes-sur-Escaut mwaka 1720, na kipande cha mwisho kilitolewa Oignies tarehe 21 Desemba 1990. Mwaka 2012 UNESCO wakaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia: mashimo ya migodi, milima ya vifusi, kota za wachimbaji, shule, makanisa, stesheni, jumla maeneo 109. Anayetafuta uzuri wa kadi za posta asihangaike. Ni nchi tambarare ya matofali mekundu, na mbingu yake mara nyingi ni ya kijivu.

Lewarde, karibu na Douai, ndipo pa kuanzia. Shimo la Delloye lilifanya kazi kuanzia 1931 hadi 1971, na tangu 1984 ni makumbusho. Unapita chumba cha taa, unapita mashine za kuchambulia makaa, kisha unaingia na kiongozi kwenye njia zilizojengwa upya kuonyesha kazi ilivyobadilika, kutoka sururu na watoto hadi mashine kubwa za miaka ya mwisho. Haziko chini kabisa ya ardhi, na hilo halikunipunguzia kitu. Kiongozi alipowasha mashine moja tu, sikusikia tena sauti yangu mwenyewe. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, shemeji akanitafsiria huku akiongezea ya kwao. Tabaka za makaa za huku zilikuwa nyembamba, kwa hiyo mtu alichimba akiwa amepiga magoti au amelala ubavu. Farasi walishushwa wakaishi huko chini miaka.

Chumba kilichonikamata zaidi ni cha kubadilishia nguo. Nguo za kazi, buti na kofia vinaning'inia darini kwa minyororo, kila mtu na mnyororo wake na kufuli yake, ili zikauke juu na sakafu ibaki wazi. Wachimbaji wenyewe walikiita chumba cha walionyongwa. Hapo pia ndipo utakapoelewa habari ya mapafu. Vumbi la mawe liliwaua wengi polepole, wengine wakiwa wamestaafu, na silikosisi, ugonjwa huo wa vumbi, haikutambuliwa kisheria kuwa ugonjwa wa kazini hadi 1945.

Kuna kifo kingine kilichokuja kwa mara moja. Tarehe 10 Machi 1906 vumbi la makaa lililipuka kwenye mashimo ya kampuni ya Courrières, likaenea kilomita nyingi za njia za chini. Walikufa watu 1,099, na Ulaya haijawahi kuona ajali ya mgodi iliyoua wengi zaidi. Tulisimama Méricourt kwenye kaburi la pamoja, mahali padogo, nadhifu, pasipo na mgeni mwingine. Kilichoniuma ni kilichofuata: baada ya siku chache kutafuta watu hai kulisimamishwa, na tarehe 30 Machi wanaume 13 wakatoka wenyewe gizani, baada ya siku ishirini. Mwingine akatoka siku tano baadaye. Hasira iliyolipuka ikawa mgomo mkubwa, na Julai mwaka huohuo Ufaransa ikapitisha sheria ya mapumziko ya siku moja kwa wiki. Shemeji alisoma kibao cha pale kaburini mara mbili, kisha akasema kampuni iliyoijenga Lubumbashi yao ilianzishwa mwaka huohuo wa 1906.

Mahali nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga ni Cité des Électriciens, Bruay-la-Buissière. Ni safu za nyumba fupi za matofali zilizojengwa kati ya 1856 na 1861, miongoni mwa kota kongwe zilizobaki katika bonde zima. Barabara zake zina majina ya wataalamu wa umeme: Volta, Ampère, Faraday, Edison. Nyumba zimekarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2019. Sehemu ni maonyesho, sehemu ni nyumba za kulala wageni, na bustani za mboga zinalimwa kama zamani. Shemeji hakuingia kwenye maonyesho moja kwa moja. Alizunguka nyuma kwanza, akatazama vyoo vya nje na mabanda ya sungura.

"Shemeji, hii ni kambi yetu," akaniambia. "Wametuzidi baridi tu."

"Hata bustani?"

"Hata bustani. Nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni. Kwetu hata unga ulikuwa wa kampuni. Mzee akiacha kazi, mnafunga virago."

Ndivyo ilivyokuwa huku pia. Kampuni ilitoa nyumba, kanisa, zahanati na kiwanja cha michezo, ikatoa na kipande cha bustani ili mtu akitoka kazini ashike jembe asiende kwenye baa au kwenye mkutano wa chama. Mkono mmoja unalisha, wa pili umeshika funguo za nyumba yako. Maonyesho ya Bruay yanalieleza hilo bila kupaka rangi, na ndiyo sababu ninayapa alama za juu. Yanaeleza pia waliotoka mbali: Wapolandi walioletwa kwa maelfu baada ya mkataba wa 1919, kisha, kwenye miaka ya 1960 na 1970, makumi ya maelfu ya Wamoroko. Félix Mora, mwajiri wa migodi aliyekuwa ametumikia jeshi, alizunguka vijiji vya kusini mwa Moroko akiwapanga vijana mstari, akiwakagua vifua na misuli, na waliopimwa wakigongwa muhuri mwilini. Waliajiriwa wakati tayari inajulikana kwamba migodi inakwenda kufungwa.

Sasa milima. Kule Loos-en-Gohelle, nje kidogo ya Lens, kuna vifusi viwili pacha vya shimo la 11/19, vyeusi, vyenye ncha, miongoni mwa virefu kuliko vyote Ulaya. Kilele kimepita mita 180 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ambayo hata kituta kinaonekana mlima. Njia ya kupanda ina ngazi na miteremko ya changarawe. Vaa viatu vyenye meno na uje na koti, kwa sababu upepo wa juu hauna adabu. Nilitarajia jalala, nikakuta makazi ya viumbe. Mawe meusi yanahifadhi joto la jua, kwa hiyo mteremko unaoelekea kusini una hali ya hewa yake, na humo imeota mimea isiyo ya huku: aina ya soreli ambayo kwa kawaida ni ya milimani, na mpopi wa maua ya njano ambao kwao ni fukwe za bahari. Miti ya mibirchi imeshika sehemu za chini bila kupandwa na mtu. Vyura fulani wenye mstari wa njano mgongoni huzaliana kwenye madimbwi yanayokauka. Baadhi ya vifusi vya bonde hili bado vinaungua kwa ndani, makaa yaliyobaki yakijichoma polepole, na ukiona uzio usiuruke. Haillicourt wamekwenda mbali zaidi, wakapanda mizabibu kwenye mteremko wa kifusi mwaka 2011 na wanatengeneza mvinyo mweupe. Wanauita Charbonnay. Utani wa watu wa kaskazini ndivyo ulivyo.

Ukiwa juu unaona kila kitu: vilima vya Vimy na Lorette, safu za kota, na uwanja wa Bollaert wa timu ya Lens, wenye viti vingi kuliko wakazi wa mji.

Upande wa mashariki nenda Wallers-Arenberg. Minara ya mgodi imesimama bado, na karibu yake, ndani ya msitu wa Raismes, kuna barabara ya mawe ya mashindano ya baiskeli ya Paris–Roubaix. Jean Stablinski, mtoto wa wahamiaji wa Polandi na bingwa wa dunia wa 1962, ndiye aliyeipendekeza ikaingizwa mwaka 1968. Alikuwa amechimba makaa chini ya ardhi hiyohiyo. Mita chache pembeni ipo Mare à Goriaux, ziwa lililojitokeza pale ardhi ilipobonyea juu ya njia za mgodi. Leo ni hifadhi, ndege wa majini wamejaa, na nilitembea ukingoni mpaka shemeji akaanza kupiga honi. Kwa mpenda ndege, hapa ni nusu siku nzima.

Louvre ya Lens nitaisema kwa ufupi. Ilizinduliwa tarehe 4 Desemba 2012, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, juu ya eneo la shimo namba 9. Jengo la vioo na alumini lililobuniwa na wasanifu majengo wa kampuni ya SANAA ya Japani ni zuri, na ukumbi wake mmoja mrefu uliopangwa kwa mfuatano wa karne unakutoa Mesopotamia hadi karne ya 19 bila kupanda ngazi hata moja. Lakini kama ni sanaa unayoifuata, Paris haiko mbali. Kilichonileta huku kiko nje ya vioo vile.

Vimy na Notre-Dame-de-Lorette ni za vita ya kwanza ya dunia, iliyousaga mji wa Lens na migodi yake. Vimy pana mnara mweupe wa Wakanada wenye majina 11,285 ya waliopotea Ufaransa bila kaburi, na kondoo ndio wanaokata nyasi, kwa sababu mabomu yasiyolipuka bado yamo ardhini. Lorette, mnara wa umbo la pete uliozinduliwa 2014 unabeba majina ya askari karibu 580,000 kwa alfabeti, bila cheo wala taifa. Mjerumani, Mwingereza na Mhindi wamefuatana. Tenga saa mbili kwa yote mawili.

Chakula: chipsi za kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo uliza kama una mwiko. Mgahawa mmoja tulioingia ulituuzia chipsi zilizolowa. Kibanda cha barabarani siku iliyofuata kilikuwa bora na nusu bei.

Alama zangu ni nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mabasi ya Jumapili. Mwenye siku moja tu na asiye na gari ashuke Lens, apande vifusi vya Loos asubuhi, Louvre mchana, na asichague Jumanne maana Louvre hufungwa. Mwenye gari aanze Lewarde, kisha Bruay, na kama nyumba za wageni za pale zina nafasi, alale hapohapo.