Tromsø: mwezi gani ndo wa kwenda?

Haya wadau, karibuni. Wengi mmeniuliza Tromsø, kule juu kabisa Norwei, mtu aende mwezi gani, na mi nawajibu moja kwa moja: Machi. Sio Desemba, sio Juni.

Ule mji uko kama kilomita 350 kaskazini ya mzingo wa Aktiki, ule mstari wa kwenye ramani unaozunguka dunia kule juu karibu na ncha ya kaskazini, kwahiyo habari za jua kule hazifanani kabisa na sisi tuliozoea linachomoza saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili. Mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari halichomozi, mchana ni kimwanga cha bluu masaa machache basi, giza. Halafu karibu tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai hivi halizami, saa sita usiku linakupiga usoni. Sasa mtu anakata tiketi ya Juni, anataka kuona aurora, zile taa za kijani angani, ataziona wapi jamani na usiku wenyewe haupo?

Machi vyote unapata. Kuelekea tarehe 20 mchana na usiku vinalingana, theluji bado imejaa tele, mchana unapanda kigari cha kebo cha mlimani kinaitwa Fjellheisen mpaka mita 421 unauona mji wote pale kisiwani, usiku giza la kutosha, na miezi ya Machi na Septemba ndo aurora inachangamka zaidi.

Baridi isiwatishe sana, bahari ya pale inapata mkondo wa maji ya uvuguvugu, Januari wastani ni kama hasi 4. Ila pwani ikifunga mawingu, ziara za kusaka aurora zinakimbilia ndani mpaka Finland, na kule inaweza kushuka hasi 20, vaa sufu ndani kabisa, simu weka mfuko wa ndani maana chaji inakata ghafla. Mjini shida ni barafu, theluji inayeyuka mchana usiku inaganda, njia inateleza kama sakafu yenye sabuni. Nunua vile vyuma vya meno vya kuvalisha viatu, mpira unauvuta juu ya kiatu, meno yanang'ata chini, unatembea vizuri tu.

Wa nyangumi nyie ndo mwende Novemba mpaka Januari, boti zinawafuata upande wa Skjervøy.

Viza ni Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwahiyo wa Machi, Oktoba uwe ushaanza kuhangaikia makaratasi.