Mchanga Mzuri, Huduma Mbovu: Duka la Samaki wa Mapambo Hapa Nakuru

Mchanga wenyewe hauna lawama. Ni laini, umechekechwa vizuri, punje zake hazifiki milimita moja, na huo ndio niliokuwa nikiutafuta, kwa maana aksoloti wangu, amfibia mwenye mkia anayeishi majini, hadonoi chakula kama samaki: hufungua kinywa ghafla akavuta maji, nyungunyungu na chochote kilicho karibu, na kijiwe cha changarawe kikimwingia kinaweza kumziba utumbo na kumuua. Kwa hiyo, mvua zilipoanza, nililipia duka hilo mchanga pamoja na fundi wa kuuweka.

Fundi alifika na haraka zake. Nilimwomba aondoe changarawe ya zamani sehemu kwa sehemu, baada ya majuma kadhaa kila mara, kwa sababu bakteria wanaoivunja amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi, huishi katika changarawe hiyo na katika sponji ya chujio. Akanijibu bila hata kunitazama, "Mama, hii kazi nimeifanya miaka mingi. Huyo ni samaki tu, atazoea." Akazoa changarawe yote kwa mkupuo, akamwaga maji yote, kisha, nami bado namsihi, akaikamua sponji chini ya mfereji hadi ule utelezi wa kahawia ukaisha kabisa. Utelezi ule ndio uliokuwa ukimweka mnyama wangu hai! Tangi akalijaza maji ya mfereji, na dawa ya kuondoa klorini niliyomwekea mezani hakuigusa, niliitia mwenyewe.

Siku zilizofuata aksoloti alikataa nyungunyungu, matamvua yake mekundu ya kupumulia yakanywea na kujikunja kuelekea mbele, na nilipopima amonia, kipimo kilichozoea kubaki manjano kiligeuka kijani, yaani amonia imepanda. Ikanibidi nimhamishie kwenye beseni la maji safi yasiyo na klorini, niwe nikiyabadilisha kila siku.

Nilipopiga simu, mwenye duka hakuuliza hali ya mnyama. Alisema labda ni joto. Joto gani, Nakuru hii, ambako maji ya tangi langu hayapiti nyuzi 20? Ningekuwa Kisumu ningemwelewa. Kisha akamalizia, "Sisi tuliuza mchanga, na mchanga umepata. Ukitaka mnyama asiye na shida, fuga kuku."

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba mchanga ununuliwe pale, ila fundi wao asikubaliwe. Sasa naona hata hilo ni kuwapendelea mno, kwa kuwa anayeuza mchanga wa aksoloti bila kumjali aksoloti mwenyewe hastahili shilingi ya mtu. Matamvua yameanza kuota upya, lakini hayo ni maumbile ya mnyama huyu, wala si kazi yao. Ada ya fundi nimewadai na hawajarudisha hata senti. Anayetaka mchanga kama huu autafute kwingine, auweke kwa mikono yake mwenyewe, kidogo kidogo, na juma hilo asiiguse sponji.