Canva, Google Slides na Prezi: ipi itakubeba siku ya kuwasilisha?

Zana za mtandaoni za kuandaa wasilisho lenye picha, sauti na video ni nyingi, na karibu zote hupendeza ukizitazama ukiwa umekaa kitandani na simu yako. Kipimo chetu hapa ni siku yenyewe: kompyuta ni ya chuo, intaneti inasuasua, projekta ni ya zamani na una dakika 10. Kwa kipimo hicho, kazi ijengwe kwenye Google Slides, Canva itumike kutengeneza picha na vipande vya video, na Prezi iachiwe mada chache zinazoihitaji kweli.

Tuchukue mada moja: safari za majahazi kwa pepo za kaskazi na kusi. Kwa dakika 10, slaidi 8 hadi 10 zinatosha. Maandishi yasishuke chini ya saizi 24, na vichwa viwe 36 au zaidi, la sivyo waliokaa nyuma watasoma migongo ya wenzao.

Nguvu ya Google Slides ni kazi ya kikundi. Watu wanne wanaweza kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, na mmoja akifuta slaidi ya mwenzake kwa bahati mbaya, historia ya matoleo inairudisha. Nafasi ya bure ni GB 15, lakini Gmail na picha zako za Google zinakula humo humo. Video ya YouTube unaiingiza kwa kubandika kiungo, kisha unaweka dakika ya kuanzia na ya kumalizia. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaiacha filamu nzima, halafu wanahangaika kuisogeza mbele huku darasa likisubiri. Kwenye video ya ujenzi wa jahazi, kata sekunde 40 tu, pale fundi anapokalafati, anaposhindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo na patasi. Mlio wa nyundo hiyo unaeleza kuliko aya nzima.

Sauti inasumbua zaidi ya kitu kingine chochote. Google Slides inapokea faili za sauti za aina ya MP3 na WAV, nazo lazima ziwe zimeshapakiwa kwenye Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google. Ukimrekodi nahodha mzee kwa WhatsApp, faili inayotoka ni ya opus, aina nyingine ya faili ya sauti. Rekoda ya iPhone hutoa M4A. Zote mbili zibadilishe kwanza kuwa MP3. Kwa ubora wa kbps 128, dakika moja ni kama MB 1; sauti hiyo hiyo ikiwa WAV ya ubora wa CD hufika MB 10, na bando lako litaisha bila faida yoyote. Kisha ipe faili ya sauti ruhusa ya kufunguliwa na yeyote mwenye kiungo. Ruhusa za sauti kwenye Drive hazifuatani na za slaidi, kwa hiyo wasilisho likifunguliwa kwa akaunti ya mwenzako, alama ya spika itaonekana na sauti isitoke.

Bila intaneti, Google Slides hufunguka kwenye Chrome ikiwa umewasha matumizi ya nje ya mtandao mapema, kwenye kompyuta hiyo hiyo. Hata hivyo video ya YouTube haitacheza. Ukiwa na shaka na mtandao wa ukumbi, pakua wasilisho kama faili ya PowerPoint, lifungue kwenye PowerPoint ya kompyuta na uingize ndani yake video ya MP4 unayoruhusiwa kuitumia, kisha uiweke kwenye flashi. Beba na PDF pia. PDF haina sauti wala mwendo, lakini hufunguka karibu popote.

Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, haina mpinzani kwa sura. Violezo ni vingi na programu yake ya simu inafanya kazi vizuri. Jihadhari na vitu vyenye alama ya taji: ni vya kulipia, na kwenye akaunti ya bure huvipakui vikiwa safi. Walimu wa msingi na sekondari wanaweza kuomba Canva ya elimu bila malipo na kuwaalika wanafunzi wao. Udhaifu wake mkubwa ni pale unapopakua kama PowerPoint: kompyuta ya chuo isipokuwa na fonti uliyochagua, inaweka nyingine, mistari inavunjika na maneno yanapanda juu ya picha. Ndiyo maana tunashauri uitumie kwa vipande. Chora ramani ya Bahari ya Hindi, weka mshale wa kaskazi kutoka Maskati hadi Lamu na Kilwa, upe mwendo, ongeza muda wa ukurasa kutoka sekunde 5 hadi 10, pakua kama MP4, pakia Drive, kisha ingiza kwenye slaidi. Fanya hivyo siku moja kabla, maana Drive huchukua muda kuichakata video kabla haijacheza.

Prezi, ya Hungaria, ilianza mwaka 2009. Yenyewe ni ubao mmoja mkubwa unaosogelea na kurudi nyuma, hivyo kwa ramani yetu inafaa sana. Kwa orodha ya hoja ni kizunguzungu kitupu. Akaunti ya bure huliweka wasilisho lako wazi kwa umma. Utafiti ambao haujakamilika usiuweke humo.

Kabla hujaweka picha ya kwanza, uliza picha ya projekta ni ya umbo la 4:3 au 16:9, yaani uwiano wa upana kwa urefu. Ukibadilisha umbo la slaidi baadaye, kila kitu kinahama. Uliza na waya. VGA, ule wenye pini 15 na skrubu mbili pembeni, hubeba picha tu. Sauti itabaki kwenye kompyuta. Ukikuta ni huo, njoo na spika yenye waya wa milimita 3.5, uwashe zile sekunde 40 za fundi, kisha uende ukasikilize kutoka safu ya mwisho.