Sony ZV-E10 Mombasani: kamera ya watu wanaoazimana betri

Vikao vya maandalizi vya wapiga video wa Mombasa, vile vya jioni kabla ya harusi ambapo vifaa humwagwa mkekani na kila mtu akaonyesha alichonacho, havikosi Sony ZV-E10. Kamera hii ilitoka mwaka 2021. Ina sensa (kipande kinachonasa mwanga) ya ukubwa uitwao APS-C, ya megapikseli 24.2, na pamoja na betri na kadi haifiki hata gramu 350. Picha yake ni nzuri kiasi. Ukoo wake ndio unaoiuza: betri yake ya NP-FW50 ndiyo ile ile ya a6000, a6300, a6400, a6500 na a7 II, na lenzi ni za E-mount, mdomo wa lenzi wa Sony. Mwenye ZV-E10 na betri mbili ni fukara akiwa peke yake. Akiketi na wenzake wanne wa Sony, ana betri kumi na lenzi za kuchagua. Kwa hiyo hapa inapimwa kama kamera ya pili au ya tatu ya kundi, maana hapo ndipo mahali pake.

Tuanze na betri, kwa kuwa ndiyo udhaifu wake mkubwa. Kwa video ya 4K, ya kurekodi kisha kusitisha, hesabu saa moja na robo hivi kwa betri ambayo haijachoka. Harusi inayochukua muda wa saa sita inataka betri tano, na ya sita ya akiba. Zibandikeni namba na herufi ya mwenyewe kabla hazijachanganyika, na betri zisizo za Sony ziwekeni kando: asilimia zake hudanganya, zinaonyesha 40 kisha kamera inazima katikati ya nikaha. Kamera iliyosimama kwenye stendi ilisheni kwa waya wa USB-C kutoka pawabenki, betri ikiwa ndani.

Kisha kadi. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Umeme wa Kenya ni wa herzi 50, kwa hiyo kamera zote za kundi ziwekwe kwenye mfumo wa video wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Mwenye mfumo wa pili, NTSC, na fremu 30 atapata taa za ukumbi zinazopepesa, na kwenye ZV-E10 atapata hasara ya pili: 4K ya fremu 30 inakata picha mara 1.23, ilhali ya fremu 25 inatumia upana wote wa sensa. Sasa, kadi iliyofomatiwa kwenye kamera ya NTSC ukiitia kwenye ya PAL, kamera inadai ifomatiwe upya. Mtu aliyeazimwa kadi saa ya pilkapilka akibonyeza kukubali bila kuuliza, kazi ya mwenziwe imekwenda na maji. Hakikisheni mfumo siku ya kikao, hamisheni kilichomo, halafu kila kadi ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia. Kwa megabiti 100 kwa sekunde inatakiwa kadi ya kasi ya U3, na GB 64 inabeba dakika 80 hivi. Kamera ina tundu moja tu la kadi, hakuna nakala ya papo hapo.

Jambo dogo linalouma baadaye: Sony hizi huanza kuhesabu video kwa C0001.MP4. Ukizimwaga kamera tatu kwenye folda moja, ama faili zinafutana ama zinabadilishwa majina ovyo. Folda moja kwa kila kamera, jina la mwenye kamera juu yake. Saa za kamera nazo zilinganishwe kwa simu moja, na kila mara mnapoanza kurekodi mmoja apige kofi mbele ya lenzi zote, kwani ZV-E10 haina namna ya kufungwa saa pamoja na nyingine.

Kwenye rangi, msimamo wetu ni mkali: achaneni na S-Log3, ile rangi iliyofifishwa ili irekebishwe kwenye kuhariri, kwenye kamera hii. Inarekodi biti 8, na anga la Mombasa, samawati tupu kutoka Kisauni hadi Likoni, linakatika mistari mistari ukilivuta kwenye kuhariri. Zimeni picha profaili (Picture Profile kwenye menyu), chagueni mtindo wa rangi wa Neutral, kontrasti punguzeni hadi −2. Canon nayo ina Neutral yake, hivyo kamera za koo mbili zinakaribiana bila kuhangaika. Mizani ya weupe isiachwe otomatiki: nje fungeni 5600K wote, ndani pimeni kwa karatasi moja, kila mtu aielekeze lenzi yake hapo hapo. Zebra, mistari ya skrini inayoonya weupe ukikaribia kuungua, iwekwe 95. Harusi ya pwani ni kanzu nyeupe kando ya buibui jeusi, nyuma kuta za chokaa za Mji wa Kale. Okoeni kanzu kwanza, kwa sababu weupe uliokwisha kuungua haurudi, na weusi unaweza kuinuliwa kidogo.

Jua la saa sita mchana linataka filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, na hesabu yake ni rahisi. Kwa ISO 100, shata 1/50 na f/5.6 punguzeni stopu nne (kila stopu hukata mwanga nusu), yaani ND16, kwa f/2.8 stopu sita, ND64. Filta ya kuzungusha ya stopu mbili hadi tano inatosha mchana kwa lenzi ya 16-50 inayouzwa pamoja na kamera, ambayo nyuzi zake ni milimita 40.5. Sigma 16 mm f/1.4 inataka 67. Msiizungushe hadi mwisho kwenye lenzi pana, huchora msalaba mweusi angani. Azimeni filta kikaoni na kuijaribu pale pale. Za bei rahisi huleta rangi ya kijani, na hilo halionekani kwenye skrini ndogo.

Skrini hiyo ndiyo kero nyingine. Hakuna dirisha la jicho, na mpangilio wa skrini wa mwangaza wa jua kali ukiuwasha unakula betri na kuongeza joto. Wekeni kikomo cha joto cha kujizima kwenye kiwango cha juu, fungueni skrini iwe mbali na mwili wa kamera, na kati ya shuti iwekwe kivulini. Kutoka chumba chenye eyakondishina kwenda nje, iacheni ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa; vinginevyo kioo kinatoa jasho. Haina kinga ya unyevu wala vumbi, na sensa iko wazi ukitoa lenzi. Kwa hiyo ufukweni, au bustani ya Mama Ngina kando ya bahari upepo wa kusi ukivuma, lenzi haibadilishwi. Jioni ifuteni chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Haina utulizaji wa mtikisiko ndani ya mwili. Kwa kutembea vichochoroni mwa Mji wa Kale tumieni gimbali, mshikio unaotuliza kamera, na ndogo inatosha. Msigeuze kamera kwa haraka: sensa inasoma mstari kwa mstari, polepole kwenye 4K, na nguzo za mlango wa nakshi zinalala kama minazi.

Fokasi yake ni ya kusifiwa, hasa mbele ya mtu anayezungumza. Lakini inatafuta uso. Bi mkubwa aliyevaa nikabu inaweza kumruka na kushika mtoto aliye nyuma. Gusa skrini umfuate kwa mkono. Na suala hili linarudi kwenye kikao chenyewe: siku ya kupamba wanaume hawaingii, basi kundi lisilo na mpiga video mwanamke limepungukiwa kabla ya kamera yoyote kuwashwa. Akae kikaoni tangu mwanzo, kamera yake iwekwe kama za wengine, si kuletewa ya dharura mlangoni.

Maiki ya juu, na manyoya yake, inafaa mtu akiwa umbali wa mita moja. Zaidi ya hapo tumieni maiki ya kubana nguoni, na sikilizeni kwa hedifoni, tundu lipo. Pangeni muda pia. Jua hapa hutua kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni, na giza halichelewi. Dakika nzuri za mwanga ndizo hizo hizo za adhana ya Magharibi, hivyo mahojiano yamalizwe kabla, na shuti za kimya zibaki za mwisho.

ZV-E10 II ya 2024 imeponya mengi: biti 10, 4K ya fremu 60, betri kubwa ya NP-FZ100. Ni kamera bora, ila betri hiyo haiingii kwenye kamera za ukoo wa zamani. Kabla ya kununua, ulizia mkekani wenzako wana betri gani. Na kama ni ya mtumba kutoka Japani, iwashe kwanza: zile za soko la ndani la huko huwa na menyu ya Kijapani peke yake.