Gari la kifahari Lubumbashi: njia tano za kununua, na ipi inakupa nguvu ya kushusha bei

Ukimuuliza muuzaji wa Lubumbashi bei ya Prado au Range Rover, atakutajia namba moja. Namba hiyo bado si bei. Bei ni jumla ya pesa zitakazokuwa zimekutoka siku gari litakapolala uani kwako likiwa na plaki, carte rose (kadi ya gari) yenye jina lako, vignette (kodi ya barabara ya mwaka), bima na karatasi ya forodha inayoonyesha kwamba ushuru ulilipwa. Wengi wetu tunabishana kwa saa nzima juu ya namba ya kwanza, tunashusha dola elfu mbili, tunafurahi, kisha tunalipa elfu tano pembeni.

Yalinipata na Lexus LX 570. Muuzaji alinipunguzia dola 4,000 bila kusumbua, nami nikadhani ni kwa sababu nimejua kuongea. Wiki tatu baadaye, nilipokwenda kubadilisha jina, ikaonekana gari liliingia kwa karatasi za muda na ushuru haujalipwa. Nilicholipa kulihalalisha kilipita mbali zile 4,000. Muuzaji alijua, ndiyo maana alipunguza haraka. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si bei. Nauliza: "Papa, karatasi za DGDA ziko wapi, naweza kuzisoma?" DGDA ndiyo idara ya forodha.

Kwa hiyo njia hizi sikuzipanga kwa urahisi wa bei. Nimezipanga kwa nguvu ambayo kila moja inampa mnunuzi wakati wa kupatana.

1. Gari la mtu au kampuni ya hapahapa mjini

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, na kwa mbali. Mgeni amemaliza mkataba wake mgodini, familia inahamia Kinshasa, kampuni inabadilisha magari ya wakubwa wake: wote hao wana tarehe ya kuondoka, na mwenye tarehe hupunguza. Gari limeshapata plaki, carte rose ipo, na ushuru unaweza kuuhakiki kabla hujatoa hata franga moja. Tena unaweza kulijua lilivyoishi. Gari la mkurugenzi lililozunguka mtaa wa Golf na katikati ya mji si sawa na gari la aina hiyohiyo lililokwenda Kolwezi na kurudi kila wiki na kuingia migodini.

Utatambuaje? Fungua kisanduku cha chujio la hewa. Vuta mikanda ya usalama mpaka mwisho. Tazama nyuma ya taa na chini ya zulia la buti. Vumbi letu jekundu halisafishwi lote. Anayeosha gari kwa ajili ya kuuza anaosha panapoonekana.

Hapa ndipo mazungumzo yanapolipa, basi nitakaa kidogo. Usiende na maneno, nenda na karatasi. Mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, alikague gari likiwa baridi kabisa, achomeke mashine ya kusomea kompyuta ya gari, aandike kila kasoro na gharama yake. Tuseme muuzaji wa Range Rover Sport anataka dola 38,000. Fundi ameona matairi manne yamekwisha, tuseme 1,200, airbag za suspenshoni za mbele zinavuja, 1,800, breki, 500. Ongeza na gharama ya kubadilisha jina. Unafika karibu 4,000 ambazo si za kubuni. Ukianza na 33,000 huku umeweka karatasi hiyo mezani, hujamtukana mtu. Atapanda na kushuka, na mkikutana 34,500 nyote wawili mnajua kwa nini.

Na usilitukane gari la mwenzako. Wapo wanaodhani kusema "gari lenyewe limechoka" kunashusha bei. Kwa mzee wa hapa kunapandisha, au kunafunga mlango. Msalimie, uliza habari za nyumbani, sema ukweli: "Papa, gari nimelipenda. Fundi ameona haya. Tusaidiane." Kisha nyamaza. Kimya ni kigumu, lakini anayekivunja kwanza mara nyingi ndiye anayepunguza.

Kuhusu wakati: mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, ada za shule zinapobana, nimeona wauzaji wakilegea. Desemba wanakaza.

2. Kuagiza mwenyewe

Njia hii inaweza kuwa rahisi kuliko zote au ghali kuliko zote, na tofauti inaletwa na hesabu uliyofanya kabla ya kutuma pesa. Ushuru haukokotolewi juu ya bei ya gari peke yake. Unakokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, na juu ya hapo, ushuru ukiwa umeshajumlishwa, inakuja TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Maana yake kila dola unayoshusha kwa muuzaji wa Dubai au Japani inakuokolea zaidi ya dola moja hapa, ilimradi forodha waikubali ankara yako. Wakiona bei ni ndogo kupita kiasi wanaweza kuweka thamani yao. Basi kabla ya kuagiza, kaa na wakala wa forodha, déclarant unayemwamini, mpe mwaka wa gari, injini na aina, akuandikie makadirio yote. Muulize pia kikomo cha umri wa gari linaloruhusiwa kuingia. Mawakala wawili ni bora kuliko mmoja.

Sasa usukani. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani wetu ni wa kushoto. Japani, Zambia, Tanzania na Afrika Kusini ni kinyume. Ndiyo maana gari la Japani linavutia kwa bei, na ndiyo maana ukija kuliuza hapa litakuangusha. Serikali imeshatoa amri za kukataza kuingiza magari ya usukani wa kulia. Mengine hubadilishwa usukani njiani au hapa mjini. Kwa gari la kifahari mimi silitaki hata kwa nusu bei: dashibodi imekatwa, nyaya za airbag zimeungwa kwa mkono, na wipa bado zinafagia kuelekea upande wa zamani. Wipa hizo ndizo zitakuambia ukweli ambao muuzaji hatakuambia.

Kwa hiyo kwetu soko la kweli ni Dubai, Ulaya na Marekani. Kila moja na ugonjwa wake. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa iliifurika Dubai, na magari mengi yalizama. Gari lolote lililokuwa pale kabla ya siku hiyo, omba picha za chini ya viti, reli zake na soketi za nyaya; kutu mahali pakavu ni jibu. Gari la Marekani lina namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17, na kwa pesa ndogo unaweza kununua historia yake mtandaoni uone kama kampuni ya bima ililitangaza limekufa. Kumbuka pia kipimo chake ni maili. Maili 80,000 ni karibu kilomita 129,000, na nimeshaona namba ya maili ikiuzwa kama kilomita.

Gari likishuka Dar es Salaam, lina safari ya karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa. Lipa lori la kubebea magari. Likija kwa magurudumu yake, gurudumu la akiba, jeki na hata redio vinaweza kubaki njiani, na huna wa kumdai.

3. Parkingi za kando ya barabara

Watu wengi wanaanzia hapa kwa sababu magari yanaonekana. Nimeziweka katikati kwa sababu ziko nzuri na ziko mbaya, na nguvu yako inategemea kitu kimoja: gari limekaa pale muda gani. Tazama matairi yaliyobonyea upande wa chini, majani chini ya wipa, tarehe kwenye stika. Pita mara tatu kwa mwezi mmoja kabla hujauliza bei. Gari la miezi minne uwanjani ni pesa ya mtu iliyolala, na yeye anaijua uchungu wake kuliko wewe.

Komisioneri, yaani dalali, atakufuata. Mheshimu, ndiyo kazi yake, lakini muulize mbele ya mwenye gari analipwa na nani. Akilipwa na wote wawili, bei yako ina mshahara wake ndani mara mbili.

4. Gari jipya kwa muuzaji rasmi

Hapa bei haishuki sana, na usipoteze pumzi kupigania asilimia. Pigania vitu: huduma za mwaka wa kwanza, matairi ya ziada, usajili ulipwe na wao, garantii iandikwe wazi kama inafanyika Lubumbashi au lazima gari lipelekwe kwingine. Hilo la mwisho lina uzito kuliko punguzo la dola elfu moja.

Uliza pia dizeli. Injini mpya za dizeli za Ulaya zenye chujio la moshi zinataka mafuta yenye salfa kidogo sana, na mafuta yetu si ya kuamini. Ukinunua Mercedes au BMW mpya kwa matumizi ya hapa, chukua petroli. Toyota Land Cruiser 300, iliyotoka mwaka 2021, ina thamani inayokaa kuliko wenzake, lakini kwa sababu hiyohiyo hakuna atakayekupunguzia.

5. Kukodi kwa muda mrefu na crédit-bail

Kwa mtu binafsi naiweka mwisho. Kwa kampuni, inaweza kuwa ya kwanza. Mwenye hesabu wako atakuambia. Nchi ina sheria ya crédit-bail tangu mwaka 2015, kwa hiyo mkataba wa kukodi ukiwa na haki ya kununua mwishoni si jambo la kienyeji.

Mtego wake ni mmoja: watakuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Usijibu. Ukisema 1,200, watakutafutia gari la 1,200 na kuficha bei yake ndani ya miezi 48. Patana kwanza bei ya gari kama vile unanunua taslimu. Kisha uliza malipo ya awali, jumla ya miezi yote, na bei ya kulichukua mwishoni. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu. Halafu soma yanayohusu kilomita, matairi, ajali na kuvunja mkataba kabla ya wakati. Kilomita ndizo zinazowaumiza watu wa Katanga: safari moja ya Kolwezi kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 600, na kikomo cha mwaka kinakwisha kabla ya Septemba.

Ambalo siliweki kwenye orodha

Gari lenye plaki za nchi nyingine, "karatasi zinakuja wiki ijayo", bei ya kushangaza. Hata kama ni la ndugu. Usiache amana hata ya dola mia.

Gari lipi lenyewe?

Nikiulizwa kwa mji huu: Land Cruiser 200 kwanza, kisha Lexus LX 570 kama unaweza kulisha petroli V8 ya lita 5.7, kisha Prado, ila si ya petroli ya lita 2.7, ambayo mwili wake ni mzito kwa injini hiyo. Range Rover ni tamu kuendesha na bei yake hushuka vibaya, jambo zuri kwa mnunuzi. Lakini dizeli yake ya lita 3.0 ina sifa ya kuvunja krenkishafti, na suspenshoni ya hewa ukiiacha usiku kucha ndiyo utaijua: asubuhi gari limeinama upande mmoja. Fika saa kumi na mbili asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha.

Siku ya kulipa

Lipeni benki, mbele ya karani, na acte de vente (hati ya mauzo) iandikwe namba ya chasisi, namba ya injini na kilomita. Mkilipana noti mkononi, zipange mapema: dola yenye mchaniko mdogo au wino wa kalamu haipokelewi hapa, na hutaki kurudi nyumbani kutafuta noti nyingine ya dola mia huku muuzaji anaanza kufikiri upya. Lipa sehemu, acha sehemu hadi jina libadilike kwenye carte rose. Kama muuzaji ni mkweli atakubali kiasi fulani kibaki.

Na kabla hujamwachia mkono, omba funguo mbili. Ufunguo wa pili wa gari la namna hii unaweza kukugharimu mamia ya dola. Omba na ile nati ndogo ya kufungulia magurudumu yenye kufuli, kwa kawaida inakaa kwenye kifuko cha jeki. Ukiikosa, siku ya pancha kati ya Likasi na Lubumbashi gurudumu halitatoka.