Ada ya kubadilishana wiki ya taimushea: inalipa lini, na ni hasara lini

Nianze na jibu, maana najua wengi mnalitaka hilo kabla hamjabonyeza kitufe cha kulipa. Taimushea ni haki ya kukaa wiki moja kila mwaka kwenye nyumba ya rizoti, na ada ya kubadilishana ndiyo unayolipa ili utumie wiki ya mtu mwingine mahali pengine badala ya yako. Ada hiyo inalipa kama familia yenu ni kubwa, mnajipikia, na mnasafiri wakati ambao hoteli zimepandisha bei. Nje ya hapo, mara nyingi unalipia kitu ambacho mtu asiye na taimushea yoyote anakipata kwa bei nafuu kuliko wewe.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Tukitoka, tunatoka watu saba. Wiki yetu iko Orlando, Florida: vyumba viwili vya kulala, wiki ya 26, yaani mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Tuliichukua kwa mzee mmoja na mkewe wa mtaani kwetu ambao afya haiwaruhusu tena kusafiri. Bei ya wiki hatukulipa, tulilipa gharama za kuhamisha hati tu. Wala si jambo la ajabu. Taimushea ikishatoka mikononi mwa muuzaji wa kwanza, thamani yake huporomoka, na wako wenye nazo wanaozigawa bure ili waondokane na ada ya kila mwaka.

Kwa hiyo hesabu zangu hazina deni la ununuzi ndani yake. Kama wewe ulisaini pale pale baada ya kile kikao cha mauzo cha dakika 90, wanachokualika kwa chai na tiketi za bure, basi jumlisha na marejesho ya mkopo wako juu ya kila namba utakayoisoma hapa. Na kama umesaini juzi tu huko Florida, acha kusoma sasa hivi. Sheria ya jimbo lile inakupa siku 10 za kuvunja mkataba kwa maandishi. Kaandike barua kwanza.

Utaratibu wenyewe kwa ufupi. Unaikabidhi wiki yako kwa kampuni ya kubadilishana, nao wanaipa thamani, kisha unachagua wiki iliyokabidhiwa na mtu mwingine, mahali pengine, yenye thamani inayolingana na yako au iliyo chini yake. Makampuni makubwa ni mawili: RCI, iliyoanzia Indianapolis mwaka 1974, na Interval International ya Miami, iliyofuata mwaka 1976. Misimu wanaigawa kwa rangi. RCI wana nyekundu, nyeupe na bluu; Interval wana nyekundu, njano na kijani. Nyekundu ndiyo inayogombewa. Kampuni yetu sitaitaja, kwa sababu sikuja kushtaki mtu, nimekuja kupiga hesabu.

Haya sasa, risiti yetu. Ada ya matunzo ya rizoti ya Orlando, ambayo tunalipa tusafiri tusisafiri, ilikuwa dola 940. Uanachama wa mwaka kwenye kampuni ya kubadilishana, dola 100. Ada ya kubadilishana yenyewe, dola 269. Jumla dola 1,309 kwa usiku saba, sawa na dola 187 kwa usiku. Watu wengi wanaotetea taimushea wanataja ile 269 peke yake: "Wiki nzima kwa dola 269!" Hapana. Ile wiki uliyoikabidhi ni mali yako, umeilipia. Ukiitoa kwenye hesabu unajidanganya mwenyewe.

Kwa 187 hiyo tulipata nini? Tulipata Williamsburg, Virginia, katikati ya Julai. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, mabafu mawili, sebule yenye kochi linalokunjuliwa kuwa kitanda, imeandikwa watu wanane. Mama mkwe alipata chumba chake na bafu lake bila kuingiliana na mtu, na kwa mzee anayeamka alfajiri kutawadha, jambo hilo lina bei yake. Hotelini tungehitaji vyumba viwili. Tulipoulizia wiki ile ile, vya kawaida tu vilikuwa dola 160 kila kimoja pamoja na kodi, yaani 320 kwa usiku, na kwa wiki dola 2,240. Tofauti ni dola 931.

Lakini hiyo si sehemu kubwa ya faida. Faida iko jikoni. Sisi nyama tunakula ya halali, na kwenye miji ya kitalii ya aina ile kupata chakula halali ni kuzunguka na gari jioni nzima mkiwa na watoto wamechoka, au kuishia kwenye samaki na viazi kila siku. Tulitoka Columbus na deli la barafu limejaa: kuku waliokatwa, nyama ya ng'ombe, kima, vyote vimegandishwa kutoka bucha la Wasomali. Nyumba ilikuwa na jiko la moto minne, oveni, friji kubwa yenye friza, mashine ya kuosha vyombo, na nyuma ya mlango wa ukumbini mashine ya kufulia na ya kukaushia. Usiku wa kwanza kulipikwa wali na mchuzi wa kuku wa nazi ya kopo. Sufuria kubwa kuliko zote pale ilitosha watu wanne, kwa hiyo kuanzia hapo sisi hubeba letu la pilau, na mwiko, na kisu kikali, maana visu vya rizoti havikati hata nyanya. Kula nje watu saba, hata kwa kujibana, ni dola 100 na kitu kwa mlo mmoja. Tulikula nje mara moja tu, siku tuliyokwenda Jamestown kuwaonyesha watoto mahali Waingereza walipoweka makazi mwaka 1607. Kwa familia kama yetu, ada ya kubadilishana ilirudi yote kabla wiki haijafika katikati.

Sasa geuza upande wa pili. Miji kama Williamsburg, Orlando na Branson kule Missouri imejengwa taimushea nyingi mno. Wakati wa shule na baridi, nyumba zile zile zinakaa tupu, na mwenye nyumba tupu hashikilii bei. Rafiki yangu mmoja, mama wa Bukavu tunayefanya naye kazi, alitaka kubadilisha wiki yake aende Branson mwezi Januari. Aliniomba nimsaidie kupiga hesabu. Tukafungua mtandao wa kampuni yake. Ukurasa wa kubadilishana ulimtaka akabidhi wiki yake, ambayo ada yake ya matunzo ni zaidi ya dola 1,000, halafu aongeze dola 279. Tukafungua ukurasa wa pili, wa mtandao huo huo, wanapowauzia wanachama wiki zilizobaki kwa fedha taslimu. Rizoti ile ile, wiki ile ile, ukubwa ule ule: dola 309, na wiki yako unabaki nayo.

Naomba mtulie hapo. Tofauti ya 309 na 279 ni dola 30. Angebadilishana, angekuwa ametoa wiki yake ya zaidi ya dola 1,000 ili aokoe dola 30. Na hakuna mahali popote kwenye ule ukurasa wa kwanza palipomwambia kwamba ukurasa wa pili upo. Hilo linaniudhi, na nalisema bila kuficha. Mwanachama anayelipa kila mwaka anastahili kuonyeshwa bei zote mbili kwa pamoja.

RCI na Interval wote wana mauzo ya namna hiyo kwa wanachama wao, hasa siku za karibu na tarehe ya kuingia. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya kubadilishana, tafuta wiki unayoitaka sehemu tatu: kwenye mauzo ya taslimu ya kampuni yako, kwenye mitandao ya kawaida ya kukata hoteli ambayo mtu yeyote anaingia, na kwa wamiliki wenyewe wanaokodisha wiki zao, kwa mfano kwenye RedWeek. Ukikuta bei yoyote kati ya hizo iko chini ya ada yako ya matunzo ukijumlisha ya kubadilishana, usibadilishane. Kodi kwa taslimu, na wiki yako itumie, ikodishe au mpe ndugu.

Ukimpa ndugu, jina lake litakutoza. Safari moja wifi yangu wa Minneapolis alitangulia kufika yeye na wanawe, sisi tulikuwa njiani kwa sababu mume wangu alikuwa na zamu. Nafasi ikiwa kwa jina langu, wifi hapewi ufunguo bila cheti cha mgeni. Dola 89, kwa kubadilisha jina kwenye kompyuta. Mimi naona ada hii haina utetezi wowote. Ya kubadilishana naielewa, kuna kazi imefanyika: wametafuta wiki, wamelinganisha thamani, wameshika nafasi. Kuandika jina la wifi ni kazi gani?

Zipo na nyingine za mlangoni. Hawaii kuna kodi ya serikali inayohesabiwa kwa kila usiku, unalipa ukifika hata kama wiki umeipata kwa kubadilishana. Mexico baadhi ya rizoti zinakulazimisha kununua mpango wa chakula na vinywaji kwa kila mtu, na kwa familia ya watu saba huo peke yake unaweza kupita gharama zote nilizozitaja hapo juu. Maelezo haya huwa yameandikwa chini kabisa ya tangazo la wiki, kwa herufi ndogo. Yasomeni kabla ya kulipa, kwa sababu kampuni yetu ukighairi ndani ya saa 24 inarudisha fedha, na zikipita hizo ada imekwenda.

Kuhusu muda. RCI wanataka uikabidhi wiki yako miezi 9 au zaidi kabla ya tarehe yake ili upate thamani yake kamili. Kadiri unavyochelewa, thamani inapungua, huku ada ya kubadilishana ikibaki ile ile. Interval wana njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa wenye familia: unaomba kwanza, na wiki yako unaendelea kuishika mpaka wakupatie unachotaka. Wasipopata, unakwenda kwako. Mtu ambaye wiki yake ni nyekundu na anaweza kuitumia mwenyewe, asikubali kuiachia mikono mitupu kwa matumaini.

Na kuna masharti ya rizoti zenyewe. Baadhi, hasa zile nzuri, haziruhusu mtu wa kubadilishana kurudi mpaka miaka minne ipite. Watoto wetu waliipenda moja kupita kiasi, na kila wakiuliza lini tunarudi, jibu liko kwenye sharti hilo.

Je, kubadilishana wiki za mbali, Ulaya au Afrika Kusini, kunalipa? Kwa wiki, ndiyo, inaweza kulipa vizuri. Kwa watu saba wenye nauli saba za ndege, ada ya dola 269 inakuwa kitu kidogo hata kuitaja. Sisi tunabaki kwenye miji ya kufika kwa gari.

Kwa hiyo nawapa nyota nne huduma ya kubadilishana ukiitumia Juni, Julai, Agosti au mapumziko ya Desemba, kwa nyumba ya vyumba viwili au zaidi, mkiwa watu watano na kuendelea. Nyota moja ukiitumia Januari, Februari au Septemba kwa mji uliojaa taimushea. Watu wawili bila watoto wanaoweza kusafiri mwezi wowote, sioni kwa nini walipe uanachama kabisa. Mauzo ya hoteli ya kawaida yanawatosha na kubaki. Ile nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya cheti cha mgeni na ule ukurasa wa pili wanaoufichia watu.

Uanachama wetu unaisha Novemba. Wameshatuletea ofa: ukilipa miaka mitano kwa mkupuo, unapunguziwa kwa kila mwaka. Tunalipa mmoja tu. Ada ya kubadilishana imekuwa ikipanda, ada ya matunzo ya Orlando nayo inapanda, na mtoto wetu mkubwa mwakani anaingia chuo, tutakuwa watu sita. Hesabu itapigwa upya kila Novemba, kwa bei za mwaka huo, na bei ya vyumba viwili vya hoteli ikishuka ikakaribia ile 187, tutaiacha.